Wamesema umeiba kazi yako mwenyewe: mwongozo kwa waundaji wa dunia pepe

Swali ni lile lile, mara kwenye WhatsApp, mara mtu akinikuta Dunga, ufukweni hapa Kisumu, nikisubiri samaki wakaangwe: "Kitu changu kimeondolewa, wanasema nimeiba. Nifanye nini?" Wanaouliza ni vijana wa hapa Kisumu, wa Nakuru, Kakamega na Busia, wanaotengeneza nguo, nyumba, magari na viumbe vya kuuzwa katika dunia pepe, yaani ulimwengu wa kompyuta ambamo watu hukutana mtandaoni, kama Roblox, Second Life na VRChat. Wengi wao hawajaiba chochote. Kuna mtu amejaza fomu, akadai jasho lao ni lake, na kampuni ikaiondoa kazi kabla ya kuwauliza neno. Wengine hufa moyo, wakafunga akaunti na kurudi kutafuta vibarua. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu njia ya kurudisha kazi ipo na haihitaji wakili. Inahitaji utulivu, ushahidi na barua moja iliyoandikwa sawasawa.

Sheria nitaigusa kidogo tu. Kampuni nyingi za dunia pepe ziko California: Roblox iko San Mateo, na Linden Lab, wenye Second Life, wako San Francisco. Zinafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayojulikana kama DMCA (Digital Millennium Copyright Act), iliyoleta kifungu cha 512 katika sheria yao ya hakimiliki. Kampuni ikipokea notisi iliyokamilika, yaani dai rasmi kwamba kazi imeibwa, na kuiondoa kazi hiyo upesi, haiwezi kudaiwa fidia kwa kosa la mtumiaji wake. Ndiyo maana huondoa kwanza. Hawajaamua kwamba wewe ni mwizi, wamejikinga wao. Kifungu hicho hicho kinakupa silaha yako, nayo ni notisi ya kupinga, yaani hati yako rasmi ya kulikataa dai na kutaka kazi irudishwe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua pepe ya kampuni inayosema kazi imeondolewa, nzima, pamoja na nambari ya kesi.
- Jina kamili la kitu chako, nambari yake ya utambulisho na kiungo kilipokuwa.
- Faili za kazi zenyewe: faili za Blender (programu ya kuunda maumbo ya 3D), teksicha (picha zinazofunika umbo) ambazo hazijaunganishwa, skripti (maagizo ya programu), michoro ya karatasi.
- Risiti au leseni za chochote ulichonunua au kupakua ili kukitumia ndani ya kazi hiyo.
- Jina lako halisi kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya simu na anwani.
- Kompyuta yenye chaji na bando la kutosha. Usianze kazi hii jioni ya mvua wakati stima inawaka na kuzimika.
- Mzazi au mlezi, ikiwa hujatimiza miaka 18. Hii ni hati ya kisheria na mtoto asiitie sahihi peke yake.

1. Hakikisha notisi yenyewe ni ya kweli

Usibonyeze kiungo kilicho ndani ya barua pepe. Fungua jukwaa lenyewe kwa mkono wako, ingia kwenye akaunti, uangalie kama kitu kimeondolewa na kama kuna ujumbe. Matapeli hutuma barua za vitisho vya hakimiliki zenye nembo nzuri kabisa, na shabaha yao ni nywila yako. Kama kitu chako bado kipo sokoni na akaunti haina onyo, barua hiyo ni mtego.

2. Usifute, usipakie tena

Kosa ninaloliona kuliko mengine yote ni la mtu aliyekasirika kukipakia kitu kile kile tena usiku huo huo kwa jina jingine. Usifanye hivyo. Sheria inazitaka kampuni ziwe na utaratibu wa kuwafungia watumiaji wanaorudia makosa, na upakiaji wako wa pili utahesabiwa kuwa kosa la pili hata kama la kwanza halikuwa kosa. Unaweza kupoteza akaunti nzima kwa ajili ya kofia moja.

Piga picha za skrini za kila kitu: ujumbe, ukurasa wa kitu, historia ya mauzo, maoni ya wanunuzi wa kwanza. Kisha nakili faili zako za kazi mahali pawili. Diski moja nyumbani na nakala moja mtandaoni inatosha. Nakili bila kuzifungua na kuzihifadhi upya, kwa sababu ukibonyeza "hifadhi" leo, tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kwa faili itakuwa ya leo, na tarehe hizo ni mali.

3. Soma dai neno kwa neno

Tafuta majibu ya maswali haya ndani ya notisi:

- Nani analalamika? Ni mtu, kampuni, au wakala wa kampuni?
- Anadai kazi gani ni yake? Ametoa kiungo au picha?
- Analalamikia sehemu gani ya kitu chako: umbo, teksicha, sauti, skripti?
- Je, ni dai la hakimiliki au la alama ya biashara, yaani nembo au jina la kampuni?

Swali hilo la mwisho limewapotezea watu muda mwingi. Kama ulitengeneza fulana yenye nembo ya kampuni ya viatu, lalamiko huenda likawa la alama ya biashara, na notisi ya kupinga ya DMCA haina kazi hapo. Inahusu hakimiliki peke yake.

Kama kampuni haikukutumia nakala ya dai, iombe. Andika mistari miwili tu, kwa adabu.

4. Kaa na ukweli wako

Hatua hii watu huiruka, na mimi naitaka uikalie. Dai linakuwa la uongo katika hali kama hizi:

- Kitu umekitengeneza mwenyewe tangu mwanzo, na mlalamishi amekuiga au hajawahi kutengeneza chochote.
- Mlalamishi anadai wazo. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna lilivyotekelezwa. Nikitengeneza mashua ya uvuvi ya Ziwa Victoria na wewe ukatengeneza yako, kila mmoja kwa mikono yake, hakuna aliyemwibia mwenzake. Umbo la mashua ile ni la mababu waliochonga mbao kabla yetu.
- Una leseni inayokuruhusu, na mlalamishi hakuijua au amejifanya haijui.
- Mlalamishi si mwenye haki wala hakutumwa na mwenye haki.

Na dai si la uongo ikiwa ulichota gari kutoka mchezo wa kampuni fulani ukalibadilisha rangi, au ulitumia teksicha ya bure ambayo leseni yake inakataza kuuza, au wimbo unaocheza ndani ya klabu yako ya dunia pepe ni wa msanii ambaye hukuomba ruhusa yake. Hapo usipinge. Ondoa sehemu hiyo, tengeneza yako, endelea na maisha. Notisi ya kupinga hutolewa kama kiapo. Kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai nchini Marekani, na hata kama askari wa San Francisco hatakuja mtaani kwetu Kondele, jina lako na akaunti yako vitabeba doa hilo.

Kama sehemu ni yako na sehemu si yako, kwa mfano umbo ni lako lakini teksicha uliiokota, tenganisha mambo. Wengi hapa hushindwa kwa sababu wanatetea kitu kizima wakati nusu yake haiteteeki.

5. Panga ushahidi hadi mgeni auelewe

Atakayesoma ushahidi wako hakujui. Huenda hajui hata Blender. Mpangie kwa tarehe, kitu cha kwanza kabisa juu, na chini ya kila kimoja mstari mmoja unaoeleza kinaonyesha nini.

Nitakupa mfano wangu. Nilitengeneza mashua ya Dunga: mbao zilizopakwa rangi ya bluu na njano, jina ubavuni, tanga lililokunjwa. Jukwaa moja likaiondoa kwa sababu mtu wa nchi nyingine alidai ni yake. Nilikuwa na faili, lakini alikuwa na faili pia, maana alikuwa amechopoa meshi yangu, yaani umbo lenyewe la 3D, na kuipakia kwake. Nikakaa nikitazama picha nilizopiga ufukweni asubuhi niliyokwenda kutafuta teksicha. Karibu na tezi, yaani nyuma ya mashua, kulikuwa na kiraka cha bati, mwenyewe alikipigilia baada ya ubao kupasuka. Misumari saba. Sita imenyooka, mmoja umepinda kichwa kuelekea maji. Katika teksicha yangu misumari hiyo ipo. Katika "kazi yake" ipo pia, saba, na ule mmoja umepinda vilevile. Picha yangu ya simu ilikuwa na tarehe iliyotangulia upakiaji wake kwa miezi. Niliziweka picha tatu kando kwa kando, nikachora duara jekundu juu ya msumari. Mjadala uliisha hapo.

Kwa hiyo tafuta misumari yako. Kila kazi ya mkono inayo: mshono uliokosea, herufi uliyoiandika vibaya kwenye teksicha, upande uliogeuzwa ndani nje, jina la mtoto wako ulilolitumia kuita kigezo ndani ya skripti. Mwizi hunakili na kasoro.

Ushahidi mwingine wenye nguvu:

- Matoleo ya kazi njiani, kutoka umbo tupu hadi umbo kamili. Mwizi ana toleo la mwisho tu.
- Rekodi ya skrini ukifungua faili na kuonyesha tabaka moja baada ya jingine. Dakika mbili zinatosha.
- Ujumbe wa WhatsApp ambao ulimtumia rafiki picha ya kazi ikiwa nusu.
- Tarehe ya kwanza ya kupakia kwenye jukwaa lenyewe. Hii kampuni inaweza kuithibitisha bila kukuamini.
- Cheti cha KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kama ulisajili kazi. Usajili si lazima, kwa kuwa hakimiliki huanza mara tu kazi inapowekwa katika umbo la kudumu, na Kenya imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993, kwa hiyo Marekani inaitambua haki yako bila sharti la usajili. Lakini cheti chenye jina na tarehe humrahisishia kazi anayekusoma kutoka mbali. Kwa kazi inayokulisha, sajili.

6. Mwandikie mlalamishi, mara moja

Kama dai linaonekana limetokana na kosa, kwa mfano mlalamishi ni muundaji halali aliyedhani umemwiga, mwandikie kwa upole, mwonyeshe ushahidi wako, mwombe aiandikie kampuni na kuondoa dai. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Mpe siku mbili au tatu.

Usimwandikie ikiwa anakuomba pesa ili aondoe dai. Huo ni unyang'anyi, na ukimtumia hata dola kumi atarudi wiki ijayo na dai juu ya kitu kingine. Mwaka 2019 YouTube ilimshtaki mtu wa Nebraska aliyekuwa akituma madai ya uongo dhidi ya watengenezaji wa video za Minecraft na kuwadai malipo. Kesi iliisha mwaka huo huo kwa yeye kukubali kulipa dola 25,000 na kuomba radhi hadharani. Hifadhi ujumbe wa aina hiyo, na uuweke kwenye ushahidi.

Wala usimtukane. Ninajua hasira inavyopanda. Lakini kila neno utakaloandika litasomwa siku moja na mtu anayeamua.

7. Andika notisi ya kupinga

Hapa ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Niliandika kurasa mbili za uchungu, nikaeleza mashua, ziwa, usiku niliokesha. Nikarudishiwa: haijakamilika. Nilikuwa nimesahau sentensi moja ya kukubali mahakama. Wiki nzima ikapotea.

Notisi hii si barua ya malalamiko. Ni hati yenye vipengele vinavyotajwa na sheria, na kimoja kikikosekana kampuni haina wajibu wa kuishughulikia. Iandike kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha wanayosoma watakaoipokea. Jukwaa likiwa na fomu yake, tumia fomu hiyo, maana maneno ya kisheria yamo tayari. Vipengele ni hivi:

a) Kilichoondolewa na kilipokuwa. Taja jina la kitu, nambari na kiungo. Vikiwa vitu vitano, orodhesha vitano. Usiseme "bidhaa zangu zote".

b) Kauli ya kiapo. Useme kwamba, ukijua adhabu ya kiapo cha uongo, unaamini kwa nia njema kuwa kazi iliondolewa kwa makosa au kwa kufananishwa vibaya na kazi nyingine. Tumia maneno ya sheria yenyewe, usiyapambe.

c) Jina, anwani na simu. Jina halisi, si la avata.

d) Kukubali mahakama. Kwa sisi tulio nje ya Marekani, unakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya wilaya yoyote ambako kampuni inapatikana. Kwa Roblox na Linden Lab hiyo ni Wilaya ya Kaskazini ya California. Vilevile useme utapokea hati za kesi kutoka kwa mlalamishi au wakala wake.

e) Sahihi. Ya kalamu iliyopigwa picha au ya kielektroniki. Mara nyingi kuandika jina lako kamili kwenye nafasi ya sahihi kunatosha.

Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, ongeza aya moja fupi ya ukweli: nilitengeneza lini, kwa programu gani, ushahidi ulioambatishwa unaonyesha nini. Sentensi tano. Mimi niliandika kuhusu msumari.

Sasa onyo ambalo nalisema kwa uzito. Notisi yako itapelekwa kwa mlalamishi, pamoja na jina, simu na anwani. Wako watu wanaotuma madai ya uongo kwa nia hiyo hiyo: kujua muundaji fulani ni nani na anaishi wapi. Kama unahofia usalama wako, hasa dada zetu ambao wamewahi kufuatwa na watu wa mtandaoni, tumia anwani ya ofisi au sanduku la posta na nambari ya simu ya kazi, au mpe wakili awasilishe kwa niaba yako. Usitunge anwani. Anwani ya uongo inaua notisi nzima.

Watu huogopa sana kipengele cha (d). Kinampa mlalamishi mlango wa kukushtaki California. Lakini tapeli aliyetumia jina la bandia akijitokeza mahakamani atalazimika kuthibitisha jina hilo na kazi hiyo. Wengi hunyamaza wakifika hapo. Mlalamishi akiwa kampuni kubwa yenye mawakili, na wewe una shaka na hatua ya 4, pumzika kwanza umwone wakili.

8. Tuma mahali panapostahili

Kila kampuni inayotaka ulinzi wa kifungu cha 512 lazima isajili wakala wa kupokea notisi katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Orodha ya mawakala hao iko wazi kwenye tovuti ya ofisi hiyo, na kutafuta ni bure. Andika jina la kampuni, utaona barua pepe na anwani. Kutuma kwa huduma ya wateja au kuandika kwenye ukurasa wao wa Facebook hakuhesabiki.

Hifadhi uthibitisho wa kutuma. Wakikujibu kwa nambari mpya ya kesi, iandike mahali.

9. Hesabu siku

Kampuni ikishapokea notisi yako iliyokamilika, inampelekea mlalamishi nakala. Kisha inatakiwa kurudisha kazi si kabla ya siku 10 za kazi wala si baada ya siku 14 za kazi, isipokuwa mlalamishi aijulishe kwamba amefungua kesi ya kukuzuia.

Siku za kazi ni zao. Sikukuu zetu kama Mashujaa na Madaraka hazibadilishi hesabu, ila tarehe 4 Julai na sikukuu yao ya Novemba hazihesabiwi kuwa siku za kazi. Notisi ikipokewa Jumatatu isiyo na sikukuu njiani, siku ya 10 ni Jumatatu wiki mbili baadaye, na ya 14 ni Ijumaa ya wiki hiyo. California iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea majira, kwa hiyo ukituma Jumatatu saa tatu asubuhi hapa, kule bado ni Jumapili usiku.

Tumia muda huo kuwaeleza wanunuzi wako. Mistari miwili: kuna dai, nimelipinga, nitawajulisha. Usimtaje mlalamishi kwa jina. Wateja wa dunia pepe wanaweza kuumia kuliko unavyodhani. Desemba 2010, mzozo kati ya Ozimals, waliouza sungura wa kufugwa ndani ya Second Life, na Amaretto, waliouza farasi, ulifika mahakama ya California. Farasi wale walitegemea chakula kilichouzwa na Amaretto. Kuondolewa kwa bidhaa hizo kwa dai la Ozimals kungewagusa wafugaji wote waliokwisha kulipa. Mahakama ilitoa amri ya muda ya kuzuia uondoaji huo.

10. Kazi ikirudi

Kagua kama onyo limefutwa kwenye akaunti. Kazi inaweza kurudi na onyo likabaki, na onyo hilo ndilo litakalokufungia siku nyingine. Waandikie walifute. Kagua pia bei, idadi na viungo, kwani wakati mwingine kitu hurudi kikiwa kimefichwa sokoni.

Je, umfuate aliyesema uongo? Kifungu cha 512(f) kinasema anayetoa dai la uongo huku akijua ni uongo atalipa hasara aliyosababisha pamoja na gharama za mawakili. Mwaka 2004 Diebold, kampuni ya mashine za kupigia kura, ililipa dola 125,000 kwa kosa la namna hiyo. Kuthibitisha kwamba mtu alijua ni kazi ngumu, sitakudanganya. Lakini tangu Juni 2022 Marekani ina Bodi ya Madai ya Hakimiliki, baraza la madai madogo lenye kikomo cha dola 30,000, linaloendesha shughuli zake mtandaoni na kupokea madai ya notisi za uongo. Mkenya anaweza kumfungulia mashtaka mtu aliye Marekani. Udhaifu wake ni kwamba mshtakiwa ana siku 60 za kujitoa, na akijitoa shauri hufungwa.

Kama tovuti yenyewe inahifadhiwa na mtoa huduma wa Kenya, sheria ni yetu. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yaliweka utaratibu wa notisi na notisi za kupinga hapa nchini, na kumtoza anayewasilisha notisi ya uongo au ya hila faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Hapo anzia KECOBO.

Ukikwama

*Notisi imerudishwa kwamba haijakamilika.* Linganisha na vipengele a hadi e. Mara tisa kati ya kumi ninazoletewa mimi, kilichokosekana ni (d) au kiungo kamili. Rekebisha, tuma upya. Siku zinaanza kuhesabiwa upya.

*Siku 14 za kazi zimepita, kimya.* Andika kwa wakala yule yule, taja nambari ya kesi na tarehe ya kupokelewa, uliza kama wamepata taarifa ya kesi yoyote. Rudia baada ya siku tatu za kazi.

*Kampuni imekataa kurudisha hata baada ya muda.* Inaweza. Masharti uliyoyakubali ulipofungua akaunti huipa uhuru wa kuondoa kitu kwa sababu zake. Uliza ni sharti gani, kisha tumia njia yao ya rufaa. Kwa sababu hii, usiweke riziki yako yote kwenye jukwaa moja.

*Mlalamishi amefungua kesi, au amekwenda kwenye lile baraza la madai madogo.* Kazi itabaki chini. Baraza lile haliwezi kupokea dai dhidi ya mtu anayeishi nje ya Marekani, kwa hiyo kama ametaja jina lako na anwani ya Kenya, lijulishe baraza na kampuni mara moja. Ikiwa ni mahakama ya shirikisho, tafuta wakili kabla ya kujibu chochote.

*Akaunti nzima imefungwa, siwezi kufikia fomu.* Tuma kwa barua pepe ya wakala kutoka orodha ya hatua ya 8. Sheria haisemi lazima uwe umeingia kwenye akaunti.

*Faili zangu za kazi zilipotea na kompyuta iliyoungua.* Chimba simu ya zamani, kadi ya kumbukumbu, barua pepe ulizojitumia, video uliyoiweka hadharani ukionyesha kazi. Uliza marafiki uliowatumia. Kijana mmoja wa Nakuru aliokolewa na ujumbe wa sauti aliomtumia dadake, akilalamika kwamba mkia wa twiga wake unakataa kukaa sawa. Ujumbe ulikuwa na tarehe, na picha ya twiga asiye na mkia ilikuwa imeambatana nao.

*Dai jipya limekuja juu ya kitu kile kile, kutoka kwa jina jingine.* Pinga upya kwa hati ile ile, ambatisha uamuzi wa kwanza, na uiombe kampuni ichunguze kama majina hayo mawili ni mtu mmoja. Waonyeshe mfanano: tarehe, maneno, hata makosa ya tahajia yanayojirudia.